Shajara ya mradi: spika mbili kuukuu na chumba kinachovuma

Siku ya 1

Vifaa ni hivi: amplifaya ya stirio ya zamani, wati 30 kila upande. Spika mbili za boksi la mbao, kila moja ina wufa (koni kubwa ya besi) ya sentimita 16, twita moja (ile ndogo ya sauti nyembamba), na tundu la hewa mgongoni. Muziki unatoka kwenye kompyuta mpakato kupitia tundu la hedifoni, na nikiwa mvivu, kwenye simu kwa Bluetooth. Sina mpango wa kununua spika mpya wala amplifaya mpya. Nataka kujua hivi hivi nilivyo navyo vinaweza kufika wapi.

Matatizo ninayoyasikia leo: kuna mvumo wa chini hata muziki ukisimama. Nobu ya sauti inakwaruza ikizungushwa. Sauti za waimbaji zimezibwa, hasa upande wa kulia. Na besi haitabiriki kabisa, nota moja inatikisa kabati, inayofuata haipo. Mpwa wangu alipita jioni, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu dada anaimba kama amefungiwa kabatini?" Spika yenyewe ipo juu ya kabati, kwa hiyo hakukosea sana.

Chumba kina mita 4.1 kwa 3.1, dari ipo mita 2.6. Sakafu ya vigae, kuta tupu, dirisha moja kubwa la kioo. Spika ya kushoto ipo juu ya kabati kwenye kona, ya kulia juu ya rafu karibu na mlango, na kochi limeegemea ukuta mrefu wa upande wa pili. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila kitu kiliwekwa palipokuwa na nafasi.

Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza, kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kusikiliza vipande vilevile vitatu: mwanamke mmoja na gitaa moja, gitaa la besi linalopanda nota baada ya nota, na mwanamume anayesoma habari. La pili, kila ulinganisho ufanyike kwa ukubwa uleule wa sauti. Sikio lina hila: ukiongeza desibeli moja tu, litakuambia kifaa kimekuwa bora, wakati kimepaza tu. Kwa hiyo nacheza mlio wa Hz 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, napima volti kwenye vituo vya spika kwa multimita, na kurudisha nobu hadi namba iwe ileile.

Siku ya 2

Nimeanza na vilivyo rahisi.

Nobu: nimechomoa amplifaya, nikaiacha robo saa kapasita zake, zinazohifadhi umeme, zishuke, nikafungua mfuniko na kupuliza dawa ya kusafishia vituo vya umeme kwenye kitundu cha nobu. Nimeizungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Kukwaruza kumeisha. Nilipokuwa nafunga mfuniko nikaona kitufe cha "Loudness" kimebonyezwa ndani, na sijui tangu lini. Kazi yake ni kupandisha besi mtu anaposikiliza kwa sauti ndogo, kwa sababu sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati sauti inaposhuka. Fletcher na Munson walichora mikunjo ya jambo hilo mwaka 1933. Lakini ukisikiliza kwa sauti ya kawaida na kitufe kikiwa ndani, unaongeza besi juu ya besi. Nimekiachia.

Mvumo: nilichomoa chaja ya kompyuta, ukanyamaza papo hapo. Kompyuta ikitumia betri, kimya. Chaja ikirudi, mvumo unarudi. Huo ni mzunguko wa athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini: chaja na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na njia yake ya athi, na waya wa sauti unaziunganisha katikati. Tofauti ndogo ya volti kati ya athi hizo mbili inapita kwenye waya wa sauti, na amplifaya inaikuza kwa utiifu kamili. Nimehamisha vyote kwenye ekstensheni moja. Umebaki mnong'ono unaosikika ukibandika sikio kwenye wufa tu.

Kuna ushauri unaozunguka miaka nenda rudi kwamba ukate pini ya athi ya plagi. Ni kweli mvumo utakoma. Na siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, atakayeshika amplifaya ndiye atakuwa athi. Kama ekstensheni moja isingetosha, ningetafuta kitransfoma kidogo cha kutenga waya wa sauti.

Siku ya 3

Leo ni ya hesabu na misuli.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Kuta mbili zinazotazamana hupata nota yake pale nusu ya wimbi inapoenea kamili kati yao: gawanya 343 kwa mara mbili ya umbali. Kwa chumba hiki, urefu unatoa Hz 42, upana Hz 55, na kimo cha dari Hz 66. Kamba ya A ya gitaa la besi ikipigwa wazi hutoa Hz 55 kamili. Ndiyo nota inayotikisa kabati! Wimbi hilo lina nguvu kubwa kabisa kando ya kuta mbili ndefu, na mimi nimekaa nimeegemea mmoja wao, huku spika zikiegemea wa pili. Nisingeweza kupata sehemu mbaya zaidi hata kwa kukusudia.

Nilithibitisha kwa miguu. Nikacheza mlio wa Hz 55 bila kukoma nikatembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kochi mlio ulijaa kichwa kizima. Katikati ya chumba ukafifia hadi nikadhani kompyuta imezima. Hatua mbili mbele, ukarudi.

Basi nimegeuza chumba. Spika sasa zipo mbele ya ukuta mfupi, mita 2 kati yake, kila moja ikiwa umbali sawa kutoka ukuta wa pembeni. Kochi lipo kwenye mstari wa katikati, mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Kutoka sikioni hadi kila spika ni mita 2.2 hivi, karibu pembetatu yenye pande sawa. Chini ya spika nimeweka stuli mbili za mbao nilizoziongeza kimo kwa vipande vya mbao, hadi twita zikawa sentimita 95 kutoka sakafuni, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kabati limepumzika, na kelele moja niliyokuwa nikiilaumu spika imetoweka pamoja nalo: ilikuwa milango ya kabati ikigongana.

Nimemaliza usiku na mgongo unauma. Nitasikiliza kesho.

Siku ya 4

Besi imetoweka.

Si kwamba imepungua. Nikikaa katikati ya kochi, gitaa la besi limebaki vidole vinavyogusa kamba, mwili haupo. Nikisogea mwisho wa kochi, inarudi. Nikisimama karibu na mlango, imejaa. Mwanamke wa gitaa moja naye hayupo mahali popote, sauti yake imetandaa kama inatoka masikioni mwangu mwenyewe.

Nilikaribia kurudisha kila kitu kilipokuwa. Hesabu ilisema katikati ya upana mlio wa Hz 55 utafifia, sawa, lakini hapa hata Hz 80 na 100 zilikuwa zimekwenda. Kisha nikafikiria: hapa katikati mawimbi ya spika zote mbili yananifikia kwa wakati mmoja. Kama yote mawili yanasukuma, yanajumlishana. Kama moja linasukuma na jingine linavuta, yanauana. Kule zamani, spika moja ikiwa kwenye kona na nyingine kwenye rafu, umbali ulikuwa tofauti kiasi kwamba hayakuwahi kuuana sawasawa. Mpangilio mzuri ndio umefichua ubovu.

Nikazima amplifaya, nikageuza waya wa spika ya kushoto tu, mwekundu kwa mweusi. Kuwasha tena, besi imerudi, nzito, katikati kabisa. Nilicheka peke yangu. Lakini furaha ilidumu dakika kumi, kwa sababu sasa matoazi na herufi "s" za msoma habari ndizo zilizotandaa bila mahali. Kwa hiyo waya wangu wa nje haukuwa na kosa. Kitu kimegeuzwa ndani ya boksi, tena nusu tu.

Siku ya 5

Kipimo cha betri. Betri moja ya kawaida ya volti 1.5, waya mbili. Nimechomoa spika kutoka kwenye amplifaya, chanya ya betri kwenye kituo chekundu, kisha nikagusisha hasi kwa muda wa kupepesa jicho.

Spika ya kulia: *tup*, koni imeruka nje, kuja kwangu. Ya kushoto: *tup*, koni imeingia ndani. Nimerudia mara sita, nikimwita na mpwa wangu ashuhudie. Naye akataka kugusisha mwenyewe, akagusisha mara kumi.

Twita haidhuriki na kipimo hiki kwa sababu kapasita iliyo mbele yake haipitishi umeme wa betri. Lakini usiishikilie betri pale. Kugusa na kuachia.

Nikafungua skrubu nane za wufa ya kushoto. Nyuma ya koni nikakuta maungio mawili ya risasi ya kuchomea waya yasiyofanana na mengine: manene, ya kijivu, kama mchwa wamejenga. Hapo nikakumbuka. Miaka kadhaa iliyopita spika hii ilipelekwa kwa fundi kwa sababu waya ulikatika, ikarudi inalia, nikalipa nikashukuru. Alirudisha waya mwekundu mahali pa mweusi. Tangu siku ile spika moja imekuwa ikivuta wakati mwenzake anasukuma, na mimi nikilaumu chumba, nyimbo, na mara moja nililaumu masikio yangu.

Nimezigeuza, nimechoma upya kwa risasi kidogo, nikarudisha waya wa nje kama ulivyopaswa kuwa. Betri imethibitisha: zote mbili nje.

Sitaandika sana kuhusu nilichosikia baadaye. Yule mwanamke amesimama. Yupo katikati, mbele ya ukuta, usawa wa macho, na gitaa lipo kidogo kushoto kwake.

Siku ya 6

Upande wa kulia bado umezibwa. Nilibadilishana spika kwenye amplifaya, ya kulia ikalishwa na upande wa kushoto. Uzibe ulifuata spika. Kwa hiyo amplifaya haina hatia.

Ndani ya spika ya kulia, krosova, yaani sehemu inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ni jina kubwa kwa kitu kidogo: koili moja kwa ajili ya wufa na kapasita moja ya elektroliti, iliyoandikwa µF (maikrofaradi) 4.7, kwa ajili ya twita. Kapasita hiyo ndiyo mlinzi wa mlango. Inazuia besi isiingie kwenye twita. Kwa twita ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), µF 4.7 inafungua mlango karibu na Hz 4,200. Nilikata mguu wake mmoja nikaipima: µF 2.9. Elektroliti hukauka na umri. Maana yake mlango umesogea hadi karibu Hz 6,900, na eneo zima la katikati, lenye ncha za herufi na mguso wa kamba, limebaki bila mwenyewe. Ya kushoto ilisoma 4.5, bado nzima.

Nimeagiza mbili za filamu za µF 4.7. Nabadilisha zote mbili, hata ile nzima, ili jozi ibaki jozi.

Siku ya 8

Kapasita zimefika. Za filamu ni kubwa kuliko zile za zamani, karibu ukubwa wa kidole gumba, kwa hiyo nimezilaza kwenye ubao kwa tone la gundi ya moto ili zisitikisike. Hazina upande, zinafungwa vyovyote. Nilipokuwa humo ndani nikaziba pia pengo dogo kwenye ukingo wa wufa, hewa ilikuwa inafyonya pale kwenye nota kubwa.

Spika mbili sasa zinalia kama ndugu. Msoma habari ana meno.

Siku ya 9

Jambo la kukera: vipimo vyote vya mahali pa kukaa vya siku ya 3 nilivifanya spika moja ikiwa imegeuzwa. Nimerudia kila kitu.

Mstari wa katikati umeshinda tena, na safari hii kwa sababu nzuri. Spika mbili zilizo umbali sawa kutoka kuta za pembeni, zikisukuma pamoja, haziamshi lile wimbi la upana la Hz 55, kwa kuwa moja inalisukuma huku na nyingine kule. Nota ya A sasa ni nota kama wenzake.

Umbali wa spika kutoka ukuta wa nyuma yake ndio ulionila mchana mzima. Besi hutoka pande zote za boksi. Ile inayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi. Pale ambapo umbali kutoka uso wa spika hadi ukutani ni robo ya wimbi, inayorudi inakuja kinyume na inayotoka, zinauana na kuacha shimo. Nikiweka sentimita 60, shimo linaangukia Hz 143, palepale palipo mzizi wa sauti ya mwanamume anayezungumza. Msoma habari akawa mwembamba. Nikisogeza hadi sentimita 40 shimo linapanda hadi Hz 214 na halinisumbui sana, lakini ukuta ukiwa karibu besi inavimba, na matundu ya hewa yapo mgongoni.

Suluhisho: soksi. Moja kwa kila tundu, imekunjwa, imesukumwa ndani kiasi cha kuvutika tena. Boksi likizibwa, besi huanza kushuka mapema ila hushuka taratibu, desibeli 12 kwa oktavu (kila Hz zinapopungua nusu) badala ya 24 za boksi lenye tundu, na ukuta ulio karibu unarudisha sehemu ya kilichopotea. Kina cha chini kabisa kimepungua, siwezi kukataa. Lakini gitaa la besi sasa linaanza na kukoma linapotakiwa. Sentimita 40, soksi ndani.

Siku ya 12

Nimeazima maikrofoni ya kupimia kwa rafiki anayerekodi kwaya, pamoja na faili lake la marekebisho. Programu ni Room EQ Wizard, ya bure. Unaweka maikrofoni kichwa kinapokaa, programu inapiga mlio unaopanda kutoka chini hadi juu, kisha inachora mlima na mabonde ya chumba chako. Maikrofoni ya simu ingenidanganya kwenye besi, nilishaijaribu siku ya 3.

Mchoro umenifundisha unyenyekevu. Nilidhani nimemaliza, kumbe Hz 66 imesimama kama mnara, desibeli 9 juu ya jirani zake. Hilo ni wimbi la sakafu na dari. Kusogeza kochi mbele au nyuma hakuligusi, kwa sababu kimo cha kichwa changu kutoka sakafuni hakibadiliki.

Kwenye ukurasa mwingine, sauti inachukua muda mrefu kufa. Kwa kupiga makofi tu nilikuwa nimeshajua: *pa-rrrr*, kama mjusi anakimbia kati ya kuta mbili.

Siku ya 15

Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alipewa mwaka 1895 ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakusikika kwa mwangwi. Alichofanya ni kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, usiku watu wakiwa wamelala, akaipanga ukumbini na kupima kwa filimbi ya kinanda na saa ya kupimia sekunde sauti inachukua muda gani kufa. Kutoka kwenye mito ile ikatoka kanuni inayotumika mpaka leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti. Chumba changu kina mita za ujazo 33. Kikiwa na mita 6 za mraba za kufyonza, sauti inakaa sekunde 0.9 hivi. Zikifika 12, inakuwa nusu ya hapo.

Kwa hiyo nami nimebeba. Zulia nene kutoka chumba kingine limelala kati ya spika na kochi. Pazia zito limefunika kioo. Kuta za pembeni zilihitaji kioo na msaidizi: mimi nimekaa, mpwa wangu anatelezesha kioo cha kunyolea ukutani usawa wa kichwa changu. Pale ninapoiona twita ndani ya kioo, ndipo sauti yake inaporuka kuja kwangu, nasi tunaweka alama ya penseli. "Hapo?" "Rudi kidogo." "Hapa?" "Hapo hapo." Sehemu mbili, moja kila ukuta.

Kwenye alama nimetundika fremu mbili za mbao zenye pamba ya mwamba, unene wa sentimita 10, zimevishwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Glavu na barakoa wakati wa kukata, nyuzi zake zinawasha vibaya. Zile sponji nyembamba zenye miiba ninazoziona kwenye picha za vyumba vya watu hazinishawishi: sentimita 2 au 3 zinameza sauti nyembamba tu na kuacha besi ilivyo, chumba kinabaki na kikohozi kilekile ila kimefungwa kitambaa mdomoni.

Makofi sasa: *pa*. Mjusi amehama.

Siku ya 16

Waya. Zile za zamani zilikuwa za milimita 0.75 za mraba, zimechakaa nchani. Mita 4 kwenda na 4 kurudi ni omu 0.18, hasara ya desibeli 0.2 kwa spika ya omu 8. Nimeweka za milimita 2.5 kwa kuwa nilikuwa nazo, omu 0.06. Sikusikia tofauti. Anayeuza waya kwa hadithi ndefu akutane na multimita kwanza.

Siku ya 17

Rafiki mwenye maikrofoni alikuja, akasikiliza, akasema sasa ninahitaji amplifaya kubwa zaidi. Tukapima. Tulipandisha muziki hadi nikaona sasa tunapigiana kelele, multimita ikazunguka kwenye volti 2 hadi 3. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati moja. Spika hizi zinatoa desibeli 87 kwa wati moja zikipimwa umbali wa mita 1. Vilele vya ngoma vinaweza kuhitaji mara kumi au ishirini ya hapo, na bado nipo ndani ya wati 30. Nikinunua yenye wati 60 nitapata desibeli 3 juu, ambazo zinasikika lakini ni tofauti ndogo. Alikubali shingo upande, na akauliza soksi ni za nini.

Jambo dogo la siku hiyohiyo: muziki wa simu sasa unapita kwenye waya. Spika zilipokuwa zimezibwa, Bluetooth haikuwa na tofauti. Sasa ipo ndogo, kwenye matoazi. Na kwenye kompyuta nimeshusha sauti kidogo kutoka juu kabisa, maana nyimbo zilizorekodiwa kwa nguvu zilikuwa zinapasuka kabla hata ya kufika kwenye amplifaya.

Siku ya 19

Imebaki Hz 66. Fremu za sentimita 10 hazina ubavu wa kuizuia. Wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 5. Hapa nimetumia programu ya kusawazisha sauti ndani ya kompyuta: kichujio kimoja chembamba, Hz 66, kushusha desibeli 6. Baada ya kupima tena, mnara umekuwa kichuguu. Kilichonifurahisha ni kwamba nota za jirani zake zimesikika kuliko zamani, ingawa sikuziongeza kitu. Zilikuwa zinafunikwa na mkia wa Hz 66 uliokuwa haufi.

Nilijaribu pia kujaza lile shimo la Hz 214 kwa kupandisha desibeli 6. Kosa. Kuongeza desibeli 6 ni kudai nguvu mara nne kutoka kwenye amplifaya na wufa, na ukuta unarudisha kinyume chake kwa kiwango kilekile. Mchoro haukusogea hata upana wa kucha. Nimekifuta hicho, nimebaki na kichujio kimoja.

Siku ya 23

Nimesikiliza wiki nzima bila kugusa kitu, jambo lililokuwa gumu kuliko kuchoma risasi. Vipande vitatu vya majaribio nimevichoka kiasi kwamba natumaini kutovisikia tena mwaka huu. Nimerudi kwenye nyimbo ninazozipenda, na kwenye nyingi nimegundua watu wawili waitikiaji pale nilipodhani ni mmoja.

Hali ilivyo: mvumo hausikiki kutoka kwenye kochi. Besi ni sawa kwa mtu aliyekaa katikati. Anayekaa pembeni anapata ya kwake, nyingi kidogo. Kona mbili za nyuma bado zipo tupu, na nikipata pamba ya mwamba ya kutosha nitazijaza kutoka sakafu hadi dari nione Hz 42 inasemaje. Kingo za sponji za wufa nilizibonyeza kwa kidole, bado laini, hazijaanza kumeguka.

Nilikuwa nimebandika utepe mdogo sakafuni kwenye pembe za stuli ili zisipotee mahali pake. Leo asubuhi nyumba imefagiliwa na kupigwa deki, utepe wote umo kwenye taka, na stuli ya kulia imesogezwa hadi ukutani ili isiwe njiani. Nimetoa futi ya chuma nianze kupima upya. Sentimita 40.